Maswali yenu: "Vitu vyangu vinaelea kwenye ukurasa"

*Shikamoo dada. Natengeneza albamu ya kwenye kompyuta, wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Nimeskani kanga ya mama nikaifanya bakgraundi, juu yake nimeweka karatasi ya krimu, picha ya harusi yao, kikuba cha asumini nilichokipiga picha mwenyewe, vifungo viwili na uzi. Kila kitu nimekiwekea kivuli kwenye Photoshop lakini bado naona vinaelea tu, kama stika zimebandikwa kwenye kioo. Nakosea wapi?*
*Binti wa Tanga*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa wazazi, miaka 40 ni mingi jamani. Ukurasa uliotuma nimeufungua nikauzoom mpaka kwenye vifungo, tatizo nimeliona palepale: uzi una kivuli sawasawa na kikuba. Yaani umetengeneza kivuli kimoja afu ukakikopi kwenye kila leya, yaani kila tabaka lenye kitu chake. Sasa jicho likiona kivuli linapima kimo, hiki kimenyanyuka kiasi gani kutoka kwenye karatasi, na wewe umeliambia uzi una unene wa kikuba kizima, ndo maana linakataa.

Kabla hujagusa kompyuta tena fanya hivi. Saa kumi jioni chukua karatasi nyeupe uiweke mezani karibu na dirisha, weka uzi, kifungo, na kikuba au ua lolote, afu inama uangalie kwa karibu kabisa. Kivuli cha uzi kimeganda pembeni yake, chembamba, cheusi kidogo, kama mtu kapiga mstari na penseli. Cha kifungo kinene kiasi. Cha kikuba kimeenda mbali, kipana, kingo zake huzioni zinaishia wapi, lakini pale kikuba kinapogusa karatasi kuna weusi uliokolea. Sababu ni kwamba dirisha ni pana, mwanga unatoka sehemu nyingi kwa wakati mmoja, kitu kilicholala chini hakiuachii nafasi ya kupenya, kilichonyanyuka mwanga unaingia kwa pembeni na kukipunguza kivuli. Washa tochi ya simu uone tofauti, kivuli kinakuwa na kingo kali kwa sababu taa yenyewe ni ndogo.

Haya, namba. Ukurasa wako ni inchi 12 kwa 12 kwa pikseli 300 kila inchi, yaani pikseli 3600 kila upande, kwa hiyo mimi ningeanzia hapa: uzi umbali 2 (pikseli ambazo kivuli kinasogea) na saizi 4 (kingo zake zinavyosambaa), karatasi ya krimu 6 na 12, picha ya harusi 7 na 14, vifungo 8 na 12, kikuba 25 na 40. Opasiti, yaani asilimia ya kukolea kwa kivuli, ya uzi weka 60 maana umegusa karatasi, ya kikuba shusha mpaka 35. Hizo ni za kuanzia tu, wewe sogeza ukiangalia meza yako. Na ukitengeneza ukurasa mdogo wa kutuma WhatsApp, tuseme pikseli 1080, usibebe namba hizihizi, chukua kama theluthi yake, la sivyo picha itaonekana inapaa.

Rangi nayo. Umeacha nyeusi tupu, na nyeusi juu ya krimu inaonekana masizi. Chukua rangi kutoka kwenye karatasi yenyewe iliyo chini, uikoleze mpaka iwe kahawia nzito, na modi ya leya, yaani namna inavyochanganyika na kilicho chini, iwe maltiplai (Multiply), hapo maua ya kanga yataendelea kuonekana ndani ya kivuli kama inavyotakiwa, kwa sababu kivuli hakifuti kilicho chini yake.

Sasa kitu kinachonigusa zaidi kwenye ukurasa wako ni hicho kikuba. Ukikizoom, ua moja moja lina kivuli chake cha ndani, na vyote vinaangukia kushoto, maana yake siku unapiga picha mwanga ulitoka kulia. Vivuli vya ndani huwezi kuvihamisha, lakini ukurasa mzima umeuwekea mwanga wa kutoka kushoto, kwa hiyo kikuba kinabishana na kila kitu. Una njia mbili, ama ugeuze pembe ya mwanga wa ukurasa wote utoke kulia, ama ukipindue kikuba kama kwenye kioo. Mimi ningekipindua, haichukui hata dakika.

Mwisho picha ya harusi, usiiache imelala kama kigae, karatasi ya picha ya zamani hujikunja kona. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi ile alama ya kivuli kwenye leya, chagua kukitenga kiwe leya yake, afu tumia ile ya kukunja, wopu (Warp), uvute kona ya chini ya kivuli peke yake, itoke nje kidogo, picha yenyewe usiiguse. Kona ile ifukizie ukungu (blur) kidogo na upunguze weusi wake, zile kona nyingine ziache zimeshika karatasi. Utaona kona imenyanyuka mpaka unatamani kuishika.

*Dada mimi sina Photoshop, natumia GIMP, ile programu ya bure ya picha, nikiweka kivuli kinakatika upande mmoja kama kimekatwa na mkasi.*
*Msomaji, Morogoro*

Leya yako imebana, kivuli hakina pa kutokea. Ipanue ilingane na ukubwa wa picha nzima kwanza. Na mimi nakushauri ujifunze kutengeneza kivuli kwa mkono kabisa: kopi leya ya kitu chako, ya chini funga uwazi wake (sehemu tupu zisipokee rangi) uijaze kahawia nzito, fungua uwazi, weka ukungu, isogeze kidogo, modi maltiplai, punguza opasiti. Inafanya kazi kwenye programu yoyote yenye leya na ukungu, hata za simu, na kivuli kinakuwa chako tangu mwanzo, unakivuta unavyotaka.

*Nimepakua maua yana vivuli tayari, nikiyazungusha kivuli kinaenda juu. Nifanyeje?*
*Mama wa wawili, Mombasa*

Tafuta yasiyo na kivuli, dada yangu. Kivuli kilichoshonwa ndani ya picha kinazunguka nayo, hamna namna. Kama ua unalipenda sana, lifute kivuli taratibu kwa raba laini, afu liwekee kipya.

*Kwenye skrini vilikuwa vizuri, studio wamenitolea vivuli vyeusi tii.*
*Msomaji, Dodoma*

Skrini yako inawaka sana. Shusha mwanga wake mpaka karibu nusu ndo uhukumu vivuli, punguza opasiti kama 10 kwa kila kimoja, na kabla ya kulipia albamu nzima omba wakutolee ukurasa mmoja tu, uuangalie nje mchana, sio chini ya taa ya dukani.