Maswali ya Wasomaji: Cheti cha babu kinatafutwa wapi?

Mwezi huu barua nyingi zilizoingia zinauliza jambo moja, watu wanaandika historia ya ukoo wao wanakwama kwenye vyeti. Nimechagua nne.

*Shikamoo mama. Babu mzaa baba alizaliwa Kilema, Kilimanjaro, kama mwaka 1926 hivi, akafariki 1994. Nimeomba cheti chake cha kuzaliwa nimeambiwa hakuna kumbukumbu. Cheti cha baba kipo ila kinasema alizaliwa 1 Januari 1955, na bibi anaapa kabisa kwamba alizaliwa watu wakiwa wanachuma kahawa. Sa hivi sijui nimwamini nani. Mjukuu, Tabata, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Kwanza usiumie, cheti cha babu hakijapotea, hakikuwahi kuandikwa. Sheria ya kusajili vizazi na vifo Tanganyika ni ya 1920 na ilikuwa inawalazimisha Wazungu na Waasia, sisi Waafrika haikutulazimisha, na hata baada ya uhuru usajili ulisambaa polepole sana wilaya kwa wilaya. Kwa hiyo mtoto wa mkulima wa Kilema wa 1926 kutokuwepo kwenye daftari la serikali ndo hali ya kawaida, usije ukamlaumu karani aliyekuhudumia.

Sasa cheti cha baba. Kishike tena, achana na tarehe ya kuzaliwa, angalia tarehe ya kusajiliwa, halafu angalia nani alitoa taarifa. Nina hakika kubwa utakuta kimesajiliwa miaka mingi baadaye, labda alipotaka pasi ya kusafiria au ajira, na mtoa taarifa ni yeye mwenyewe au kaka yake. Hiyo 1 Januari ni tarehe ambayo makarani huiweka mtu akijua mwaka tu, siku na mwezi hajui. Yaani karatasi ina muhuri wa serikali lakini aliyeitolea maneno hakuwa na akili za kukumbuka siku ile, wakati bibi yako alikuwepo na ndiye aliyekuwa na uchungu. Kwenye kitabu chako cha ukoo andika "msimu wa kahawa, 1954 au 1955" na chini yake andika cheti kinasemaje na kilisajiliwa lini. Usifute kimoja kwa ajili ya kingine.

Na usiishie kwenye cheti chenyewe. Mtu mzima akisajiliwa kwa kuchelewa huwa anapeleka vielelezo, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, kiapo cha mzazi au ndugu. Muulize baba alipeleka nini. Mara nyingi hayo makaratasi bado yapo kwenye sanduku au kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, na yana habari kuliko cheti chenyewe. Ukihitaji nakala ya kilichosajiliwa, RITA, wakala wa serikali wa usajili huku bara, wanapokea maombi mtandaoni, cha muhimu ushike namba ya ingizo iliyopo kwenye cheti cha zamani, manake bila namba unatafutwa kwa jina, na kwa jina unaweza kusubiri sana.

Babu sasa. Kilema ni misheni ya Wakatoliki tangu miaka ya 1890, kwa hiyo kama ukoo ulikuwa wa kanisa nenda parokia uombe daftari la ubatizo. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wanaondoka na nusu ya hazina. Wanaandikiwa tarehe ya ubatizo, jina la baba, jina la mama, msimamizi wa ubatizo, wanashukuru wanaondoka. Pembeni ya mstari ule kwenye ukingo wa ukurasa kuna maandishi madogo! Kanisa Katoliki lina utaratibu kwamba mtu akifunga ndoa hata parokia ya mbali, taarifa inarudishwa parokia alikobatizwa na inaandikwa pale pembeni, ndoa na nani, wapi, lini. Mimi bibi yangu nilimtafuta miaka miwili kwao, kumbe aliolewa mkoa mwingine kabisa, na jibu lilikuwa limekaa kwenye ule ukingo siku ya kwanza nilipofunguliwa daftari, nami nilikuwa nimenakili katikati tu. Nililia pale ofisini.

Majina usiyatafute kama unavyoyatamka leo. Daftari za zamani za Wakatoliki ziliandikwa Kilatini, Yohana anakuwa Joannes, Petro anakuwa Petrus. Na pale alipoandika Mjerumani, sauti yetu ya j anaiandika dsch, na hata Wachagga vitabu vyao vinawaandika Dschagga, na y yetu anaiandika j. Chukua karatasi, andika jina la ukoo wenu namna zote unazoweza kufikiria kabla hujapanda basi la Moshi. Usiende Jumapili kati ya misa na misa, piga simu ofisi ya parokia uombe siku, nenda na barua ya utambulisho au mzee anayejulikana pale, na kupiga picha uombe kwanza.

*Assalaam alaykum bibi. Mama yangu kazaliwa Ng'ambo, Unguja. Ndani ya jalada la msahafu wa babu imeandikwa kwa mkono wake kuwa kazaliwa usiku wa Ijumaa, mwezi 8 mfunguo sita 1350. Cheti alichotolewa ukubwani kinasema 8 Juni 1931. Ndugu zangu wanasema tufuate cheti. Tushike ipi? Bin Unguja, Muscat*

Waalaykum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako kwa kuandika, maana wengi hawakuandika.

Mfunguo sita si mwezi wa sita. Mtu aliyejaza zile fomu kaona "sita" kaandika Juni, na kosa hili nimeliona zaidi ya mara moja kwenye vyeti vya watu wa pwani. Miezi ya mfunguo inahesabiwa baada ya Ramadhani, mfunguo mosi ni ule wa Idi, na mfunguo sita ndio wa Maulidi. Mwaka 1350 wa Hijria ulianza Mei 1931, kwa hiyo mfunguo sita wake ni katikati ya Julai mpaka katikati ya Agosti, na mwezi 8, yaani siku ya nane ya mwezi huo, kwa hesabu unaangukia tarehe 24 Julai 1931. Fungua kalenda yoyote ya 1931 uangalie 24 Julai ilikuwa siku gani. Ijumaa! Mwezi wa kuandama unaweza kupishana siku moja na hesabu ya kalenda, kwa hiyo jina la siku ndilo linalotuhakikishia, na hapa babu kaandika siku na mwezi na vyote vimekubaliana. Tarehe 8 Juni 1931 ilikuwa Jumatatu.

Limebaki moja. Kaandika *usiku wa* Ijumaa. Kwa wazee wetu siku inaanza jua likizama, usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kama kweli kazaliwa usiku kabla ya saa sita basi kwa kalenda ya kizungu mama yako ni wa 23 Julai 1931.

Kwenye kitabu cha ukoo ushike maneno ya msahafu kama yalivyo, neno kwa neno, kisha tarehe uliyoipata, kisha cheti. Lakini kama pasipoti na makaratasi yake ya ukaazi huko Oman yote yanasema Juni, usiende kubadilisha cheti kwa ajili ya historia, utamtesa mama bure. Piga picha ile kurasa nzima, pamoja na majina ya watoto wengine, manake babu wa namna hiyo haandiki mmoja. Kwa upande wa serikali, Zanzibar wana wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii chini ya sheria ya 2018, si RITA, watu wa bara na wa nje wanachanganya sana hapo wanapoteza nauli. Na kwa makaratasi ya zamani zaidi kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, nenda na muda, siku moja haitoshi.

*Habari mama. Nyanya yangu aliolewa Mombasa kwa nikahi mwaka 1958, na upande wa baba ndoa zote ni za kimila, Kitui. Vyeti vya ndoa nitavipata kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali? Msomaji, Mombasa*

Nzuri binti yangu. Ndoa za kimila Kenya zimeanza kusajiliwa 2017, baada ya Sheria ya Ndoa ya 2014, kwa hiyo ndoa za wazee wa Kitui zipo vichwani mwa waliokula ng'ombe wa mahari, kaa nao uandike nani alipeleka nini na nani alipokea. Hata vizazi, kulazimishwa kwa Wakenya wote kusajili kulikamilika nchi nzima 1971, nyuma ya hapo usishangae ukikosa.

Ya nyanya ni tofauti, nikahi zilikuwa zinaandikwa kwenye daftari la kadhi au msajili msaidizi wake, kwa hiyo anza na ofisi ya kadhi ya pale nikahi iliposomwa, si pale walipokuja kuishi. Ukipata, jina la kulikodolea macho ni la walii, yaani anayemwozesha bibi harusi. Walii kwa kawaida ni baba wa bibi harusi, hapo hapo umepanda kizazi kimoja. Na ukikuta walii ni kaka au ami, basi uliza baba alikuwa wapi, huenda alishafariki kabla ya 1958 na hiyo inakupa mpaka wa kutafutia kifo chake.

*Shikamoo. Babu alifia nyumbani kijijini Korogwe 1987, cheti cha kifo hakuna. Baba mdogo ndiye alikuwa msimamizi wa mirathi, nikimwomba anionyeshe makaratasi anakasirika anasema nachimba wafu. Nifanyeje? Msomaji, Tanga*

Marahaba. Baba mdogo ana sababu mwanangu, usimwone mbaya. Kwa familia nyingi kijana akianza kuulizia cheti cha kifo cha babu, mwezi unaofuata kuna kesi ya shamba. Wewe unataka majina, yeye anasikia mipaka. Kwa hiyo nenda bila fomu wala simu ya kupiga picha, nenda umwulize babu alikuwa mtu wa namna gani, alilima nini, alizikwa na nani, mwache aongee. Ukirudi mara ya pili ndo umwambie wazi mbele ya shangazi kwamba hutaki kugusa urithi, unataka kuandika ukoo, na nakala ya kwanza itakuwa yake.

Kinachotafutwa hapo kuliko hata cheti ni muhtasari wa kikao cha ukoo. Kabla mirathi haijafunguliwa mahakama ya mwanzo kikao kinakaa, kinampendekeza msimamizi, kinaandika warithi wote, wake, watoto, hata wale wa nje ambao kwenye mazungumzo hawatajwi. Nimeona muhtasari wa kurasa mbili wenye majina kumi na tisa na tarehe ya kifo, umesainiwa na watu waliomzika. Kama baba mdogo hana nakala, jalada lilifunguliwa mahakamani kwa jina la marehemu na la msimamizi, na ukienda naye yeye mwenyewe kuliomba inakuwa rahisi zaidi kuliko ukienda peke yako. Na kama kuna shangazi anayekumbuka majina ya waliohudhuria kikao usimsubirishe, andika anayoyakumbuka wiki hii.