Jibu: Niko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), nianzie wapi kujiandaa na ajira za serikali?

Habari mdogo wangu. Umeuliza uanzie wapi, ukagusia juujuu kwamba cheti cha kuzaliwa kinasema Juma na cha kidato cha nne Jumaa. Anzia hapo hapo, GPA itajisemea yenyewe. Linganisha jina kwenye vyeti vyote na lililo kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), herufi kwa herufi. Hiyo "a" moja inaweza kukurudisha mlangoni siku ya usaili, nauli imeshaliwa. Muone wakili akuandalie dipoli (deed poll, hati ya kisheria ya kurekebisha jina), halafu isajiliwe, usiishie kwenye muhuri wake. Akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, fungua sasa. Ila matokeo ya muda (provisional results) Sekretarieti ya Ajira, wanaosimamia usaili wa kazi hizo, hawayapokei, kwa hiyo ukihitimu kimbizana na cheti chenyewe. Mchujo wa kuandika tutauongelea baadaye.