Inawezekana kabisa, na Tanga wapo

Ndugu yangu, umeuliza kama kweli marehemu aliweza kuwa askari wa Kagera, kisha mwenye malori, kisha nahodha, au wasifu uliosomwa msibani ulitiwa chumvi. Haukutiwa. Mjomba wangu alipita njia hiyohiyo.

Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, serikali ilichukua hata malori na mabasi ya raia kubeba wapiganaji. Mgambo waliitwa kwa maelfu. Kijana aliyeshika usukani kwenye matope yale hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alirudi nyumbani na ufundi ambao hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Lori lenyewe alilipata wapi wakati hata sabuni ilikuwa ya foleni? Wengi husahau bajeti ya 1984, iliyoruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Hapo ndipo waliojibana wakatoka: mzigo wa bandarini, Segera, Korogwe, mpaka Moshi na Arusha, taniboi analala juu ya turubai. Kazi ngumu mno, nawaheshimu sana wazee hawa.

Na bahari haikuja uzeeni. Mtoto wa Tongoni, kijiji cha pwani ya Tanga, huzijua pepo za kusi na kaskazi kabla hajaijua gia. Mjomba alipouza lori la mwisho alinunua jahazi la kwenda Pemba, basi.

Tafadhali waambie wajukuu wa marehemu watunze leseni yake na nishani, na wawahoji wenzake wa vitani waliobaki, mwaka huu huu.