Kirmes au bustani kubwa ya michezo?

Umeuliza ukija Ujerumani utafute rola kosta (vile vitreni vya kasi vya kupanda na kushuka) kwenye kirmes, yaani tamasha la mtaani lenye michezo ya kubembea na kuzunguka, au uende bustani kubwa za michezo, mi naona inategemea mfuko na roho yako. Kirmes kwa kawaida kuingia ni bure, unalipia kila mchezo kivyake, na usidhani ni mambo ya watoto, ile rola kosta Olympia Looping ya Oktoberfest, tamasha kubwa la bia pale München, ina vitanzi 5 na ni ya kuhamahama, inafunguliwa yote inapakiwa kwenye malori, mi nilivyoona nguzo zimekalia vipande vya mbao nikasema leo ndo leo. Ukitaka kupanda mpaka uchoke nenda bustani, unalipa mara moja getini. Rola kosta ya Silver Star kwenye bustani ya Europa-Park huko Rust ina mita 73 kwenda juu, inapanda taratiiibu halafu tumbo linabaki juu we ushafika chini. Ila yangu mimi ni Taron ya bustani ya Phantasialand, mji wa Brühl, karibu na Köln, inakufyatua kilomita 117 kwa saa katikati ya mawe. Jumamosi usiende, foleni utazeekea pale. Na soseji kula ukishashuka, niamini.