Jibu: Kwenda Thailand kujifunza muay thai ukiwa hujui chochote

Habari ndugu. Umeuliza kama unaweza kwenda Thailand miezi miwili kujifunza muay thai, ndondi za Kithai za ngumi na mateke, ilhali hujawahi hata kuvaa glavu. Unaweza. Mimi nilifika sijui kufunga bandeji za mikono, mwalimu akanifunga kama mtoto.

Kabla ya tiketi, angalia viza. Tangu 2024 ipo inayoitwa DTV (Destination Thailand Visa), inayowakubali wanaojifunza muay thai: hudumu miaka 5, kila ukiingia unakaa hadi siku 180, ila uonyeshe akiba ya baht (fedha ya Thailand) 500,000. Kwa muda wako, ya utalii ya siku 60 inakutosha.

Halafu mwili. Kambini, yaani mahali pa kufundishwa, mazoezi ni mara mbili kwa siku, na asubuhi mnaanza kwa kukimbia. Wiki ya kwanza nilijitia ushujaa nikahudhuria yote. Ya pili nikaishia kitandani, magoko yamevimba. Anza na zamu moja. Na ruka kamba tangu sasa, usisubiri ufike.

Bima isome vizuri, nyingi hazigusi majeraha ya ngumi na mateke. Kambi usiilipe miezi yote. Lipa wiki, uone kama mwalimu anakushikia pedi za kupigia au anakuachia gunia la mazoezi tu.