Maswali ya wasomaji: seli za jua za polima

SWALI: Seli zangu za P3HT (polima inayonasa mwanga) na PCBM (molekuli ya kaboni inayopokea elektroni) zinatoa volti 0.6, ila mkondo ni miliampia 3 tu kwa sentimita mraba. Niliongeza unene wa tabaka hadi nanomita 300 linase mwanga zaidi, mkondo ukazidi kushuka. Tatizo ni nini?

JIBU: Unene si dawa hapa. Mwanga ukiipiga P3HT, elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni) hubaki zimeshikamana. Jozi hiyo, yaani eksitoni, husafiri nanomita 10 hivi kisha hufa, isipokutana na PCBM ya kuitenganisha. Ukitumia kiyeyushi cha klorobenzini na tabaka likakauka haraka, kukutana si shida, kwani vitu hivyo viwili vimechanganyika mno. Shida ni kutoka: hakuna njia zilizoungana za kufika kwenye elektrodi, na ukinenepesha tabaka unarefusha safari hiyohiyo mbovu.

Rudi kwenye nanomita 100 hivi. Yeyusha miligramu 20 za P3HT na 20 za PCBM katika mililita 1 ya klorobenzini, koroga usiku kucha kwa nyuzi 50 za Selsiasi, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45. Baada ya kuweka elektrodi ya juu ya aluminiamu, oka ndani ya naitrojeni kwa nyuzi 150, dakika 10. Jicho litakuambia kabla ya kifaa cha kupimia: rangi hutoka wekundu wa machungwa ikaelekea zambarau, dalili kwamba minyororo ya P3HT imejipanga. Tarajia miliampia 8 hadi 10. Usiache zikaoka saa nzima, PCBM itajikusanya vipande vinavyoonekana kwa hadubini.

SWALI: Seli ikikaa wiki moja hewani, hata gizani, nguvu hupungua nusu. Kwa nini?

JIBU: Mlaumu PEDOT:PSS, polima ya kupitisha umeme iliyo kati ya mchanganyiko wako na elektrodi ya chini. Hufyonza unyevu, na tena ni asidi, hivyo hula ITO, elektrodi angavu iliyo chini yake. Maji nayo hufika kwenye aluminiamu na kuiozesha. Ziba kwa kioo na gundi ya epoksi kabla seli haijatoka kwenye naitrojeni. Afadhali zaidi, geuza mpangilio, kuanzia chini: ITO, oksidi ya zinki nanomita 30, mchanganyiko wako, oksidi ya molibdenamu nanomita 10, kisha fedha nanomita 100. Kipimo cha kwanza cha mkondo na volti kikichora mkunjo wa herufi S, usiitupe seli. Mulika mwanga wenye urujuanimno dakika chache, oksidi ya zinki ikishaamka upime upya.