Mwaka wa mwisho wa kemia: namba hii umeitoa wapi?

Mdogo wangu, umeuliza kama mwaka huu wa mwisho ukazane na alama au ukimbilie vyeti vya kozi fupi ili upate kazi. Niko mwaka wa tisa sasa kwenye maabara ya kudhibiti ubora, nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Usaili wangu wa kwanza nilikwenda nikijiamini, maana alama zilikuwa nzuri na mradi ulishapita. Mama mmoja kwenye jopo akafungua ripoti yangu, akaweka kidole palipoandikwa "NaOH 0.1 M", yaani sodiamu hidroksaidi yenye moli 0.1 kwa kila lita, akauliza, "Umejuaje kuwa ni 0.1?" Nikamwambia nilipima gramu 4, nikayeyusha kwenye maji, nikajaza hadi lita moja. Akafunga ripoti taratibu. Kazi sikupata.

Jibu nilikuwa nalo tangu mwaka wa kwanza, ila nililisomea mtihani tu. NaOH hunyonya unyevu na kabonidioksaidi ya hewani hata ukiwa bado unaipima. Punje zake huanza kulowa na kung'aa mbele ya macho yako. Gramu 4 za kwenye mizani si gramu 4 za NaOH. Ni lazima uipime dhidi ya kitu kilichotulia, na kwa kawaida hutumika KHP (potasiamu hidrojeni fthaleti, asidi ya unga) iliyokaushwa kwenye oveni ikapozwa ndani ya desiketa, chombo kinachozuia unyevu. Moli moja ya KHP ni gramu 204.22, kwa hiyo gramu 0.5106 zinahitaji mililita 25.00 za NaOH iliyo 0.1000 M kweli. Kama waridi hafifu la fenolifthalini, kiashiria kinachoonyesha kuwa asidi imeisha, limebaki pale bureti (mrija wenye alama za mililita unaodondoshea NaOH) ilipofika 25.60, yako ni 0.0977 M. Umekosea kwa zaidi ya asilimia mbili, na kila sampuli uliyoipima kwa NaOH ile imebeba kosa hilo.

Ndiyo maana nakusihi: mradi wako uufanye kana kwamba kuna mkaguzi atakuja kesho. Maabara zinazofuata ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, hudaiwa asili ya kila namba. Andika kwa wino, weka tarehe, namba ya toleo la kemikali iliyo kwenye chupa, mizani uliyotumia. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, kosa libaki linasomeka, utie saini pembeni. Usiandike kwenye kipande cha karatasi ukidhani utanakili jioni. Mimi nilipoteza vipimo vya siku nzima hivyo, na bado inaniuma.

Kama chuo chako kina HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima viambato vya mchanganyiko, mfuate fundi wa maabara, umwombe kwa heshima akae nawe. Mafundi wanajua mengi kuliko tunavyowapa sifa. Chora mwenyewe mstari wa ulinganisho kwa miyeyusho isiyopungua mitano ambayo ukolezi wake unaujua, uone hiyo mashine inavyosumbua kukiwa na kiputo cha hewa kwenye pampu.

Kozi fupi chukua moja ya usalama wa kemikali, inatosha. Alama zilinde, waajiri wengi huchuja kwa hizo kwanza.

Usaili wa pili nilibeba daftari lenyewe. Nilikuwa nimerudia vipimo kwa ruhusa ya msimamizi wangu. Walilifungua kwenye ukurasa wenye mstari uliokatwa, wakaniuliza kulitokea nini, na tukazungumzia ukurasa ule mmoja karibu nusu saa. Wiki iliyofuata nilianza kazi.